Mbangua Njugu Aliyekula Nyasi

Mwaka 1935, huko Laetoli, kusini mwa bonde la Oldupai, mtafiti wa mambo ya kale Louis Leakey alichukua jino moja. Mwenyeji aliyeitwa Sanimu ndiye aliyemwambia kwamba upande ule kuna mifupa iliyogeuka mawe. Leakey akaenda, akazoa alichowahi kuzoa, akafunga mizigo. Jino lile, chonge la taya la chini, likasafiri hadi London pamoja na visukuku vingine, likaandikwa kuwa ni la nyani, likatiwa kwenye droo ya makumbusho. Likakaa humo miaka 44. Vita Kuu ya Pili ikapiganwa ikaisha, Tanganyika ikapata uhuru, watu wakafika mwezini wakarudi, na jino bado ni la nyani. Mwaka 1979 Mmarekani Tim White, aliyekuwa akichunguza visukuku vya Laetoli, akalitazama upya akaona si la nyani hata kidogo. Lilikuwa jino la zamadamu, wa aina ileile inayosadikiwa kuacha nyayo maarufu za Laetoli miaka milioni 3.6 hivi iliyopita.

Kwa hiyo Leakey, ambaye angehangaika miaka mingine 24 kabla dunia haijamjua kwa ugunduzi wake mkubwa, tayari alikuwa amemshika zamadamu mkononi na kumwachia. Hakuwa mjinga. Ni kwamba jino ni shahidi wa ajabu: halisemi mpaka liulizwe, na ukiliuliza vibaya hukujibu vibaya. Kisa ninachotaka kukisimulia ni cha shahidi mmoja wa namna hiyo, aliyeulizwa vibaya kwa karibu miaka hamsini.

Lakini kwanza, kwa nini meno? Kwa sababu ndiyo yanayobaki. Mtu akifia porini, fisi hula mpaka mifupa. Kinachosazwa na fisi huvunjwa na jua, mvua na kwato. Jino hupona. Ganda lake la nje, lile jeupe linaloitwa enameli, ni madini kwa asilimia 96 hivi, na hakuna kitu kigumu kuliko hicho katika mwili mzima. Ugumu huo una gharama yake. Mfupa ukivunjika huunga, ngozi ikichanika hufunga, lakini enameli ikishaumbika imeumbika. Haina damu wala haijirekebishi. Kilichoingia ndani yake utotoni hukaa humo hadi kaburini, na baada ya kaburi.

Watu wa Arusha na Meru hawahitaji profesa wa kuwaeleza jambo hili. Maji ya sehemu nyingi za huko, yanayopita kwenye miamba ya volkeno, yana floraidi nyingi, na mtoto anayeyanywa wakati meno yake ya ukubwani yanaumbika ndani ya ufizi huota meno ya kahawia. Akikua akahamia Mtwara, akanywa maji ya huko miaka arobaini, akicheka tu watu wanajua alikolelewa. Jino limetunza habari za kisima cha utotoni. Kila mbinu nitakayoitaja huko mbele imejengwa juu ya tabia hiyo moja.

Turudi Oldupai. Mwaka 1955, katika machimbo ya huko, Louis na mkewe Mary walipata meno mawili ya zamadamu. Moja lilikuwa gego la utotoni, lile linalong'oka ili kumpisha la ukubwani, lakini lilikuwa kubwa kupita kiasi. Louis, ambaye hakuwa mtu wa kusita, aliandika kwamba huenda ni jino la mtoto wa jitu. Hesabu yake ilieleweka: kama jino la mtoto ni kubwa hivi, mtoto mwenyewe alikuwa wa kimo gani? Kosa lilikuwa kudhani kwamba ukubwa wa jino huenda sambamba na ukubwa wa mwili. Hakukuwa na jitu. Kulikuwa na zamadamu wa kimo cha kawaida, mfupi kuliko wengi wetu, mwenye magego makubwa kupindukia. Walikuwa wamempata bila kumtambua, kama lile chonge la Laetoli.

Miaka minne baadaye alijitokeza mwenyewe. Asubuhi ya tarehe 17 Julai 1959 Louis alikuwa hemani na homa. Uchimbaji ulikuwa umesimama kidogo kwa sababu walikuwa wakimngojea mpiga picha wa filamu, Des Bartlett, aje kurekodi kazi tangu mwanzo. Mary akaona asikae bure. Akatoka na mbwa wake wenye madoadoa kwenda kutembea mahali panapoitwa FLK.

Herufi hizo msomaji wa Kiswahili anastahili kufafanuliwa. FLK ni Frida Leakey Korongo. Louis alizaliwa Kabete, akakulia miongoni mwa Wakikuyu, na alipotafuta neno la kuyaita yale makorongo ya Oldupai hakwenda mbali: alilitwaa la Kiswahili lililokuwa likisemwa kambini. Ndiyo maana mpaka leo majarida ya sayansi ya dunia nzima yamejaa K isiyojulikana na wengi wa wasomaji wake. Frida, kwa upande wake, alikuwa mke wa kwanza wa Louis. Mary alikuwa wa pili. Kwamba mke wa pili alijipatia jina la milele ndani ya korongo la mke wa kwanza ni jambo ambalo vitabu hulipita kimya. Mimi nimeona nilitaje.

Mary aliona kipande cha mfupa kimechungulia kutoka kwenye mteremko. Akapangusa udongo taratibu, yakatokea magego mawili makubwa, yakiwa bado yamekaa kwenye taya la juu. Akarudi kambini mbio na gari kumweleza mumewe kwamba amempata. Homa ya Louis ikapona papo hapo, au angalau akainuka kama aliyepona. Lakini alipofika na kuyatazama yale meno, furaha yake ilipungua. Alikuwa akimtafuta babu wa mwanadamu, na meno yakamwonyesha kitu kingine: jamaa wa wale zamadamu wenye mataya manene ambao Robert Broom alianza kuwapata Afrika Kusini mwaka 1938, baada ya mvulana wa shule aitwaye Gert Terblanche kuonekana na meno ya kisukuku mfukoni. Shahidi alikuwa amesema jambo ambalo mwenye kesi hakupenda kulisikia.

Kwa muda wa siku kumi na tisa walichekecha udongo. Walipomaliza walikuwa na vipande kama mia nne vya fuvu, na Mary akaviunga kimoja kimoja. Louis alimpa jina Zinjanthropus boisei. Boisei ni kwa heshima ya Charles Boise, mfadhili wao. Zinj ni jina ambalo wanajiografia wa Kiarabu wa kale waliiita pwani yetu, lilelile lililomo ndani ya jina Zanzibar. Wanasayansi wa sasa wengi humwita Paranthropus boisei, lakini kwetu amebaki Zinji, nami nitamwita hivyo. Agosti mwaka huohuo fuvu lilibebwa hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo, likaonyeshwa kwenye kongamano la Afrika nzima la historia ya kale. Mwaka 1961 wataalamu wa Marekani walipima majivu ya volkeno yaliyomfunika, jibu likaja: miaka milioni 1.75. Louis mwenyewe alikuwa amekisia laki sita hivi.

Sasa tumfungue kinywa. Meno ya mbele na machonge ni madogo, hayazidi ya mtu wa leo. Nyuma ya hapo mambo yanabadilika ghafla. Magego madogo yamepanuka yakafanana na magego makubwa, na magego makubwa yenyewe yana upana wa karibu sentimita mbili, mara mbili ya yangu na yako. Enameli yake ni nene kuliko ya karibu zamadamu wote wanaojulikana. Mashavu ya mfupa yametokeza mbele na pembeni, na utosini kuna ukingo wa mfupa uliosimama kama kishungi cha ndege, mahali ilipojishika misuli ya kutafunia iliyopanda kutoka tayani. Kila kitu katika uso ule kimejengwa kulitumikia taya. Ukimtazama unaona mashine.

Mashine ya nini? Phillip Tobias, Msauzi aliyekabidhiwa kazi ya kulieleza fuvu kwa kina, inasimuliwa kwamba alipoyaona tu meno yale aliyafananisha na koleo za kuvunjia njugu. Jina likanata. Magazeti yakamwita mbangua njugu, na mtu yeyote aliyewahi kuona korosho zikibanguliwa anaweza kuona picha waliyokuwa nayo: zamadamu ameketi chini ya mti, anatia kokwa gumu kati ya magego, taya linafunga, ganda linapasuka. Picha hiyo iliingia vitabuni, ikachorwa, ikafundishwa. Ilikuwa picha nzuri na ya kuaminika. Tena ilikuwa na nadharia nyuma yake: tangu mwaka 1954 John Robinson alikuwa ameeleza kwamba zamadamu wa mataya manene walikula mimea migumu, na wale wembamba walichanganya na nyama.

Mwanzoni Louis alimpa Zinji na cheo cha fundi, kwa kuwa alilala katikati ya zana za mawe na mifupa ya wanyama iliyovunjwa. Cheo hicho hakikudumu. Mwaka 1960 kijana wao Jonathan alipata, si mbali na hapo, taya la zamadamu mwingine mwenye meno madogo na membamba zaidi. Mwaka 1964 akaitwa Homo habilis, mtu mwenye mikono hodari, na zana zote zikahamishiwa kwake. Zinji akavuliwa ufundi. Akabaki ndugu wa pembeni, mwenye taya kubwa na akili ndogo, anayevunja njugu huku mwenzake akichonga mawe na kuelekea kwenye ubinadamu.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Umbo la jino hueleza mwenye jino angeweza kula nini. Halielezi alikula nini. Shoka linaweza kukata mvule, lakini ukilikuta nyumbani kwa mtu hujui kama jana alikata mvule au alipasua kuni. Ili ujue, lazima utazame makali.

Kutazama makali ya meno kulianza hasa miaka ya 1970 na 1980, hadubini za elektroni zilipoanza kutumika katika kazi hii. Mnyama anayetafuna majani makavu huachiwa na chembe zake mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja. Anayevunja mbegu ngumu huachiwa vishimo. Alan Walker aliyatazama meno ya jamaa za Zinji na kuandika mwaka 1981 kwamba hayaonekani kama ya mla nyasi, bali zaidi kama ya mla matunda. Alikosea kuhusu nyasi, kama tutakavyoona, lakini aliufungua mlango. Mwaka 2008 Peter Ungar, Frederick Grine na Mark Teaford wakatoa matokeo ya meno saba kutoka Ethiopia, Kenya na Tanzania, kwa vipimo bora zaidi. Walitafuta vishimo vya mvunja kokwa. Hawakupata hata kwenye jino moja. Sura za magego zilikuwa laini, mikwaruzo hafifu tu.

Wapo waliojitetea kwamba mikwaruzo hiyo ni ya siku chache za mwisho wa uhai. Ni kweli: kila mlo hufuta alama za mlo uliotangulia, kama wimbi linavyofuta nyayo ufukweni. Labda Zinji alivunja njugu wakati wa njaa tu, na wenzake hawa saba wote walikufa wakati wa neema. Utetezi huo ulikuwa na akili. Ila ulihitaji bahati kubwa mno.

Shahidi wa tatu alikuwa kemia, na hapa naomba msomaji avumilie kidogo kwa sababu jambo lenyewe linamhusu hata yeye na sahani yake. Mimea hujijenga kwa kaboni inayoitoa hewani. Kaboni hiyo ipo ya aina mbili zisizooza, nyepesi na nzito, yaani kaboni 12 na kaboni 13. Miti, vichaka na mazao mengi huikataa ile nzito kwa kiasi kikubwa. Nyasi za nchi za joto, pamoja na baadhi ya mimea ya majini kama mafunjo, zina njia nyingine ya kuitengeneza sukari yake, nazo huipokea kwa wingi zaidi. Anayekula mimea hiyo hupokea kaboni yake, na ikiwa ni mtoto, kaboni hiyo huingia kwenye enameli inayoumbika na kufungiwa humo.

Mahindi ni nyasi. Mtama, uwele, ulezi na muwa pia ni nyasi za kundi hilo. Ndizi, muhogo, maharage, ngano na mpunga haziko humo. Mtoto aliyelelewa Singida kwa ugali wa uwele na mtoto aliyelelewa Bukoba kwa ndizi wana meno yanayofanana kwa macho, lakini mashine ya kupimia atomu ikipewa unga kiduchu wa enameli yao haitawachanganya. Na kaboni hiyo haiyeyuki wala haitoroki. Hukaa miaka milioni moja, milioni mbili, bila wasiwasi.

Nikolaas van der Merwe wa Afrika Kusini, Mtanzania Fidelis Masao na Marion Bamford walichapisha mwaka 2008 vipimo vya meno ya zamadamu wa Tanzania. Upande mmoja Homo habilis watatu. Upande wa pili Zinji mwenyewe na taya la mwenzake kutoka Peninj, karibu na Ziwa Natron. Wale wa habilis walikuwa wamechanganya, chakula cha nyasi kikiwa kati ya robo na nusu. Kwa upande wa Zinji kilizidi robo tatu. Miaka mitatu baadaye Thure Cerling na wenzake, wakiwemo Emma Mbua na Fredrick Manthi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walipima meno 24 ya jamaa za Zinji 22 kutoka Kenya. Wastani ukawa asilimia 77. Kwa kaboni yake, mbangua njugu alikaa meza moja na pundamilia. Miongoni mwa jamii ya nyani na binadamu, aliyefanana naye alikuwa ni nyani mmoja mkubwa wa kale aliyekula nyasi, ambaye ukoo wake leo umebaki kwa gelada wa milima ya Ethiopia peke yake.

Matunda ya miti hayawezi kutoa kaboni kama hiyo, wala kokwa zake. Njugu zilizochorwa vitabuni miaka hamsini zilikuwa za msanii, hazikuwa za Zinji.

Nyasi gani basi? Hapa wataalamu wamegawanyika, na ubishi wao unapendeza. Timu ya van der Merwe ilielekeza kidole kwenye mafunjo. Palipo Oldupai kame ya leo palikuwa na ziwa la chumvi lenye chemchemi za maji matamu na vinamasi pembezoni, na shina changa la funjo, pale chini karibu na mzizi, huliwa. Kulitafuna ni kazi: nyuzi nyingi, lishe kidogo, kwa hiyo unatafuna kutwa. Taya kama lile lingefaa. Gabriele Macho, akiandika mwaka 2014, alipendekeza ndago. Mkulima yeyote aliyewahi kushika jembe anazijua ndago, na hazitaji kwa mapenzi; unazing'oa asubuhi, jioni zimeota. Lakini chini ya ardhi aina moja ya ndago hufanya viazi vidogo vitamu vyenye mafuta na wanga, na nyani wa Amboseli huvichimba na kuvila. Macho alikokotoa kwamba zamadamu mwenye meno kama ya Zinji angeweza kujipatia asilimia 80 ya nguvu za siku kwa saa mbili na nusu hadi tatu za kuchimba na kutafuna ndago. Mimi naegemea kwa mama huyu, ingawa sina mamlaka yoyote katika jambo hili, kwa sababu moja tu: mnyama hulifuata tumbo kwenye sukari na mafuta kwanza, na kwenye nyuzi baadaye.

Kwa vyovyote vile, lile taya halikuwa nyundo. Lilikuwa jiwe la kusagia. Enameli nene haikuwekwa ili ivumilie pigo la kokwa gumu, bali ili isiishe mapema kwa msuguano wa mchana kutwa, mwaka baada ya mwaka, wa nyasi zenye chembe za mchanga ndani yake na udongo juu yake. Tofauti ya nyundo na jiwe la kusagia anaijua kila mwanamke aliyewahi kusaga mtama kwa mkono. Ajabu ni kwamba waliokuwa wakiliandika jambo hili kwa miaka hamsini hawakuwahi kusaga.

Na ndugu yake mwenye meno madogo? Yeye alifanya hila. Kazi ya meno aliihamishia kwenye mikono. Mwaka 1995 timu ya Robert Blumenschine na Masao ilipata upande wa magharibi wa Oldupai taya la juu lenye meno yote, la miaka milioni 1.8 hivi, linaloitwa OH 65. Meno ya mbele yana mikwaruzo upande wa nje, mingi ikiwa imeinama kuelekea upande mmoja. Maelezo yaliyochapishwa mwaka 2016 ni kwamba mwenye meno alikuwa akiuma kipande cha chakula, pengine nyama, akikivuta kwa mkono wa kushoto na kukikata kwa jiwe kali lililoshikwa mkono wa kulia. Mara kwa mara jiwe liliteleza likagusa jino. Ukimwona mfugaji anavyokula nyama choma porini, kisu kikipita chini kidogo ya pua, umemwona OH 65. Hata mkono wake wa kulia umejulikana kwa jino.

Mwaka huohuo wa 2016 Katherine Zink na Daniel Lieberman wa Harvard waliwapa watu nyama mbichi ya mbuzi waitafune. Isiyokatwa ilishindikana: ilizungukazunguka mdomoni ikabaki pande moja. Iliyokatwa vipande kwa jiwe ilitafunika. Kwa hesabu yao, zamadamu ambaye theluthi ya chakula chake ni nyama, akiikata nyama hiyo na kuponda mizizi kabla ya kula, angepunguza mitafuno kwa asilimia 17 na nguvu ya kutafuna kwa asilimia 26. Moto haujatajwa bado. Jiwe tu, kukata na kuponda, na tayari meno makubwa hayana kazi ya kutosha ya kuyaweka hapo. Wahadzabe wa Eyasi, wasiokaa mbali na Oldupai, bado hula mizizi ambayo nyuzi zake hazimezeki. Hutafuna, hufyonza utamu, hutema makapi. Kutema makapi nako ni maarifa: unachukua lishe bila kulipa gharama yote ya kusaga.

Tulipoanza kupika, na baadaye kulima na kusaga unga, mambo yalikwenda mbali zaidi. Mataya ya watoto wetu hayapati kazi, kwa hiyo hayakui vya kutosha, na gego la mwisho linapokuja kwenye umri wa miaka ishirini hivi hukuta viti vimejaa. Wanaong'olewa gego hilo mijini wanalipa deni lililoanzia kwenye jiwe la OH 65.

Zinji hakufuata njia hiyo, au ndivyo tulivyodhani. Jamaa zake walidumu. Mabaki yao yanaanzia kabla ya miaka milioni 2 iliyopita, na mifupa na meno yaliyopatikana Oldupai na kutangazwa mwaka 2013 yanaonyesha bado walikuwepo miaka milioni 1.34 iliyopita. Ni muda mrefu mara tatu na zaidi kuliko sisi wenyewe tulivyokwishaishi. Kisha wakatoweka.

Halafu mwaka 2023 yakatangazwa magego mawili kutoka Nyayanga, kwenye rasi ya Homa, kando ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya. Yana umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na 3. Ni ya Paranthropus, ukoo wa Zinji. Yamekutwa pamoja na zana za mawe za mtindo wa Oldupai, na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Thomas Plummer na wenzake hawakusema kwamba mwenye magego ndiye mwenye zana. Walisema tu kwamba magego na zana vimekutwa mahali pamoja, na kwamba meno ya Homo hayajaonekana hapo. Kile cheo ambacho Louis Leakey alimpa Zinji mwaka 1959 na kumvua mwaka 1964 kimerudishwa mezani, na kilichokirudisha ni meno mawili.

Fuvu lenyewe lilirudishwa nchini kutoka Nairobi mwaka 1965, likapokelewa na Mwalimu Nyerere, na ni mali ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Ukienda kuitazama nakala yake, chungulia magego ya mwisho kabisa, huko nyuma. Utaona hayajalika kama yale ya mbele yake. Yalikuwa ndiyo kwanza yameota. Zinji alikufa kijana. Na taya la chini unaloliona mara nyingi kwenye picha zake si lake. Ni sura iliyotolewa kwenye taya la Peninj, aliloliona Kamoya Kimeu karibu na Ziwa Natron mwaka 1964, la mtu mwingine kabisa wa ukoo wake, kilomita kama themanini kutoka Oldupai. Taya la chini la Zinji, pamoja na meno yake, halijapatikana mpaka leo.